Sijahama nyumba tangu 2014, lakini nimehamishwa wilaya ya uchaguzi mara nne. Nani ana kalamu North Carolina?

#1 Mpangaji wa Greensboro

Habari za jioni, wanajukwaa. Wiki iliyopita nilikuwa napanga makaratasi ya nyumba nikakuta kadi zangu zote za mpiga kura zimefungwa pamoja kwa mpira. Nilipiga kura yangu ya kwanza kama raia wa Marekani mwaka 2014, hapa hapa Greensboro, North Carolina, na tangu siku hiyo sijahama nyumba. Hata hivyo kadi ya kwanza inasema niko katika wilaya ya 12 ya Congress, yaani Bunge la Marekani, inayofuata inasema wilaya ya 13, kisha ya 6, kisha ya 6 tena lakini yenye majirani wengine, na hii ya mwisho ni ya 6 kwa mara ya tatu, safari hii ikiwa imeungana na watu wa Rowan na wa sehemu ya Cabarrus, ambako mimi hupita tu nikienda Charlotte kwenye harusi.

Kwa kuwa neno "jimbo" tumezoea kulitumia kwa North Carolina yenyewe, nitaviita vipande hivi vya uchaguzi "wilaya", ili tusichanganyane. Nilipojifunza uraia niliambiwa kwamba mipaka huchorwa upya kila baada ya miaka 10, sensa inapokwisha. Katika kipindi changu chote sensa imekuwa moja tu, ya 2020. Hayo mabadiliko mengine yametoka wapi?

#2 Mkenya wa Charlotte

Salamu, kaka. Kwanza, kwetu kitu hicho kinaitwa eneobunge na sioni sababu ya kukibatiza upya. Pili, jibu lako ni jepesi kuliko unavyodhani: watu wameongezeka. North Carolina iliingia katika sensa ya 1990 ikiwa na viti 11, ikapata cha 12. Sensa ya 2000 ikaleta cha 13, na ya 2020 ikaleta cha 14. Baraza la Wawakilishi lina viti 435 ambavyo haviongezwi, kwa hiyo jimbo linalokua haraka huchukua kiti cha jimbo lililodumaa, na kila kiti kipya kinapoingia, vipande vyote vya zamani husogea kama watu wanaompisha mgeni kwenye mkeka. Bunge la jimbo huchora, gavana hutia saini, mambo yamekwisha.

#3 Mwanasheria Mtarajiwa

Hapo pa gavana umeteleza, ndugu Mkenya. North Carolina ndiyo iliyokuwa ya mwisho kati ya majimbo yote kumpa gavana wake kura ya turufu, kwa marekebisho ya katiba ya 1996, na marekebisho yaleyale yaliziondoa ramani za uchaguzi katika orodha ya sheria anazoweza kuzizuia. Roy Cooper, Mdemokrati, alikuwa gavana bunge lilipopitisha ramani ya Oktoba 2023, na alichoweza kufanya ni kulalamika kama raia mwingine yeyote. Josh Stein, aliyemrithi, alijikuta katika hali hiyo hiyo Oktoba 2025.

Sasa kuhusu kadi zako, Mpangaji. Badiliko la 2016 lilitokana na mahakama ya shirikisho kuikataa ramani iliyokuwepo. Lile lililokufikisha wilaya ya 6 mwaka 2020 lilitokana na mahakama ya jimbo kuizuia ramani ya 2016. La 2022 lilikuwa la sensa, lakini bunge na mahakama walivutana hata mchoro uliotumika ukatoka mahakamani. La 2024 lilitoka kwa bunge lenyewe, baada ya mahakama kubadili msimamo wake. Kwa hiyo, katika mara nne, sensa inahusika mara moja.

#4 Dereva wa I-85

Wakuu, mimi naendesha lori na hiyo wilaya ya 12 ya zamani naijua kwa matairi. Mwenzangu aliyenifundisha kazi alikuwa akiniambia kwamba katika miaka ya 90 mtu angeweza kutoka Durham, akapita Greensboro, akafika Charlotte na kuendelea hadi Gastonia akiwa ndani ya wilaya moja, mradi asitoke barabarani. Nilidhani ni utani wa madereva mpaka nilipoambiwa kwamba mchezo huo umeandikwa hata katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, pamoja na mzaha wa mwanasiasa mmoja aliyesema kwamba ukiendesha gari milango yote miwili ikiwa wazi utawagonga karibu wakazi wote wa wilaya hiyo. Ilikuwa na urefu wa takriban maili 160. Mahali pengine upande wa barabara unaokwenda kusini ulikuwa wilaya moja na upande unaokwenda kaskazini wilaya nyingine, halafu ukivuka mpaka wa kaunti pande hizo zinabadilishana.

Swali langu kwa wanasheria: nani alikaa mezani akachora kitu kama hicho, na alikuwa anatafuta nini?

#5 Mwalimu Mstaafu

Dereva, ahsante kwa kulileta. Naomba mnivumilie, kwa sababu hadithi hii haiwezi kuanzia 1992.

Mwaka 1898 George Henry White, mtu mweusi, alichaguliwa kwa mara ya pili kuiwakilisha wilaya ya 2 ya mashariki mwa North Carolina. Alipoondoka Machi 1901, baada ya sheria za kuwanyima watu weusi kura kupitishwa, hakubaki mtu mweusi hata mmoja katika Congress nzima, na North Carolina haikumpeleka mwingine hadi uchaguzi wa 1992. Ni miaka 91, katika jimbo ambalo zaidi ya mtu mmoja katika kila watano ni mweusi.

Sasa, baada ya sensa ya 1990 bunge la jimbo, lililokuwa mikononi mwa Wademokrati, lilichora wilaya moja tu yenye watu weusi wengi. Kaunti 40 za North Carolina zilikuwa chini ya kifungu cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 kilicholazimisha mabadiliko yoyote yaidhinishwe kwanza na Washington, na Wizara ya Sheria ikakataa, ikisema wilaya ya pili ya aina hiyo ingewezekana kuelekea kusini mashariki. Bunge likatii kwa namna yake: likaichora wilaya ya pili, lakini likaitandaza kando ya barabara kuu ya I-85. Wengi waliofuatilia jambo hilo wanaeleza kwamba kuiweka kusini mashariki kungehatarisha viti vya Wademokrati weupe waliokuwepo. Eva Clayton akashinda wilaya ya 1, Mel Watt akashinda ya 12. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Shaw dhidi ya Reno, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema kwamba wilaya yenye umbo la ajabu kiasi hicho, lisiloelezeka isipokuwa kwa rangi za watu, inaweza kupingwa kikatiba, na mwaka 1996 wakaitengua.

Kwa hiyo, Dereva, mezani walikaa watu watatu: mwenye sheria ya haki za kura, mwenye kiti chake asichotaka kukipoteza, na mwenye rula. Mimi nashikilia kwamba chanzo cha yote haya ni rangi, na mengine ni mavazi.

#6 Binti wa A&T

Shikamoo Mwalimu. Nilisoma chuo kikuu cha North Carolina A&T hapa Greensboro, chuo kikubwa kuliko vyote vya kihistoria vya watu weusi nchini, na katika ramani ya 2016 mstari wa mpaka ulipita katikati yake, kwenye barabara ya Laurel. Upande mmoja wa barabara ulikuwa wilaya ya 6, upande wa pili wilaya ya 13. Bweni langu lilikuwa upande mmoja na madarasa yangu mengi upande mwingine. Ilipofika 2018 tulikuwa tukiwaandikisha wenzetu kupiga kura, na kila jioni tulilazimika kumwuliza mwanafunzi bweni lake kabla ya kumwambia wagombea wake ni nani, maana wawili waliokula meza moja hawakuwa na karatasi moja ya kura. Wilaya zote mbili zilichukuliwa na Warepublikani, na kura zetu za pande zote mbili za barabara zilizama kama chumvi baharini.

#7 Mpangaji wa Greensboro

Nashukuru sana, hasa Mwanasheria. Nakumbuka jambo moja kutokana na maelezo ya Binti. Mwaka 2014 mwakilishi wangu alikuwa Alma Adams, mtu wa hapa hapa Greensboro. Ilipofika 2016 wilaya ya 12 ilikunjwa yote ikatiwa ndani ya kaunti ya Mecklenburg, nasi wa Greensboro tukabaki nje.

#8 Mkenya wa Charlotte

Naye akahamia kwetu Charlotte na bado yupo! Kwa hiyo, kaka, wewe hukuhama, wilaya ilihama, na mbunge wako akaifuata wilaya. Tunakushukuru kwa zawadi.

Nimekubali kosa langu la gavana, lakini hoja ya sensa siiachii kirahisi. Kiti cha 13 cha mwaka 2000 tulikipata kwa kuizidi Utah kwa watu wasiofika 900. Utah ilishitaki mara mbili: kwanza ikilalamika kwamba wanajeshi wa North Carolina walioko ng'ambo wanahesabiwa ilhali wamisionari wake wa Kimormoni walioko ng'ambo hawahesabiwi, kisha ikapinga njia ya kukadiria watu katika nyumba ambazo hazikujibu sensa. Mara zote mbili ilishindwa. Mtu asiniambie hesabu ya watu si kitu, ikiwa watu wachache kuliko wanaojaa uwanja wa mpira wa shule wanaweza kuhamisha kiti kutoka jimbo moja hadi jingine.

#9 Mwana-Hesabu

Hesabu ni kitu, Mkenya, lakini unahesabu upande usiofaa. Sensa inatuambia viti vingapi, haituambii mistari ipite wapi. Angalia haya.

Mwaka 2010, kwa ramani ya zamani, North Carolina ilipeleka Wademokrati 7 na Warepublikani 6. Mwaka 2012, kwa ramani mpya iliyochorwa na Warepublikani, wagombea wa Democratic kwa jumla walipata kura nyingi kidogo kuliko za wapinzani wao katika jimbo zima, na wakaambulia viti 4 kati ya 13. Mwaka 2014 wakapata 3. Ukifungua ramani unaona mbinu mbili ambazo hazina uchawi wowote: kurundika na kutawanya. Unawarundika wafuasi wa mpinzani katika wilaya chache washinde kwa kura za kupindukia, kisha waliobaki unawatawanya katika wilaya nyingi washindwe kidogo kidogo kila mahali. Kura zao zote zinahesabiwa kwa uaminifu, ila nyingi hazina kazi.

Jonathan Mattingly, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Duke, na wenzake walitumia kompyuta kuchora ramani zaidi ya 24,000 za jimbo hili kwa kufuata masharti ya kawaida ya kisheria, wakaingiza kura halisi za 2016. Matokeo ya viti 10 vya Warepublikani kwa 3 vya Wademokrati, ambayo ndiyo yaliyopatikana mwaka huo, yalijitokeza katika chini ya ramani 1 kwa kila 100. Kwa hiyo, Mwalimu, mimi nasema chanzo ni chama, na rangi hutumika kwa sababu katika jimbo hili rangi hutabiri chama vizuri kuliko karibu kila kitu kingine.

#10 Mtu wa Milimani

Nimekuwa nikisoma kimya kutoka Asheville, lakini hapa lazima niseme. Wanaolaumu kalamu peke yake wanasahau ardhi. Wademokrati wa North Carolina wamejibana Charlotte, Raleigh, Durham, Greensboro na kwetu Asheville, ilhali Warepublikani wametandaa mashambani na katika miji midogo. Hata ukimpa mtoto asiyejua siasa achore duara zilizo nadhifu, mji mkubwa utajikuta umewarundika wenyewe bila kusukumwa na mtu.

Nakiri, hata hivyo, kwamba kwetu hapakuwa na mtoto asiyejua siasa. Katika ramani ya 2011 Asheville ilikatwa, sehemu kubwa ya mji ikaunganishwa na wilaya ya 10 inayoelekea upande wa Gastonia, na wilaya ya 11 ya milimani ikaachwa bila mji wake mkubwa. Heath Shuler, Mdemokrati aliyeiwakilisha, hakugombea tena 2012.

#11 Mwana-Hesabu

Ndiyo sababu nilitaja ramani za Duke, kaka wa Milimani. Zote 24,000 na ushei zilichorwa juu ya ardhi ileile yenye miji ileile, kwa hiyo ule mkusanyiko wa mijini umeshaingizwa ndani. Ardhi inaeleza kwa nini Wademokrati wasipate viti nusu kwa urahisi. Haielezi 3 kati ya 13.

#12 Kijana wa Goma

Jambo wote. Mimi niko Greensboro tangu 2017, na bado hiki kitu kinanishangaza. Kwetu Kongo, katika uchaguzi wa wabunge wa taifa, mji au territoire, yaani eneo la utawala, inabaki na mipaka yake ileile, na kinachobadilika ni idadi ya viti kulingana na hesabu ya waliojiandikisha. Tuna matatizo mengine mengi, sitaki kujisifu, lakini sijapata kusikia mtu wa Rutshuru ameamka asubuhi akaambiwa sasa anapiga kura pamoja na Beni.

Naomba pia kuuliza: ule uchaguzi wa wilaya ya 9 wa mwaka 2018 uliofutwa, nao ulikuwa wa mipaka?

#13 Mwanasheria Mtarajiwa

Hapana, ndugu wa Goma, huo ulikuwa wa kura za posta katika kaunti ya Bladen na jirani yake, ambako watu wa kukodiwa walikusanya karatasi za wapiga kura kinyume cha sheria. Bodi ya uchaguzi ya jimbo iliamuru uchaguzi urudiwe, ukafanyika Septemba 2019. Mipaka ilikuwa ileile.

Lakini nataka kurudi kwa Mwalimu na Mwana-Hesabu, kwa sababu wanabishana juu ya jambo ambalo mawakili wa bunge la jimbo, kule Raleigh, wamelitumia kwa ustadi mkubwa. Wilaya ya 12 ilipotenguliwa 1996, bunge liliichora upya 1997, ikashitakiwa tena, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaikubali kwa hoja kwamba huenda mstari ulifuata chama na si rangi. Ramani ya 2011 ilipopingwa, watetezi walisema wilaya ya 12 ilifuata chama, na kwamba wilaya ya 1 iliongezewa watu weusi kwa sababu Sheria ya Haki za Kupiga Kura ililazimisha. Mei 2017 Mahakama ikakataa maelezo yote mawili. Wakati huo bunge lilikuwa limeshachora ramani ya 2016, na safari hii kamati iliandika waziwazi katika vigezo vyake kwamba rangi isitumike na kwamba faida ya chama ilindwe, viti 10 kwa 3. David Lewis, mmoja wa viongozi wa kamati hiyo, alieleza mbele ya wenzake kwamba alipendekeza 10 kwa 3 kwa sababu haamini kwamba ingewezekana kuchora 11 kwa 2.

Wengine waliona huo ni ufidhuli, lakini ulikuwa utetezi wa kisheria. Juni 27, 2019, katika kesi ya Rucho, majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba upendeleo wa chama katika ramani, hata ukiwa umepindukia, si jambo ambalo mahakama za shirikisho zinaweza kulipima. Tangu siku hiyo, kukiri kwamba "tulifuata chama" ni kinga, na kukiri kwamba "tulifuata rangi" ni hatia, ingawa mstari chini ya kalamu unaweza kuwa uleule.

#14 Dereva wa I-85

Kwa hiyo mtu akikamatwa anasema "sikuiba kuku, niliiba bata", na hakimu anamwachia kwa sababu sheria ya bata haipo.

#15 Mwanasheria Mtarajiwa

Umefupisha kurasa nyingi, Dereva. Ila sheria ya bata iliwahi kuwepo kwa muda mfupi, katika katiba ya jimbo. Oktoba 2019 mahakama ya jimbo iliizuia ramani ya 2016 kwa misingi ya katiba ya North Carolina, na uchaguzi wa 2020 ukatoa 8 kwa 5. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kura 4 dhidi ya 3, ikaikataa ramani mpya ya bunge, na ramani ya muda iliyotumika Novemba ikatoa 7 kwa 7. Lakini majaji wa mahakama hiyo huchaguliwa na wananchi, na Novemba hiyo hiyo Warepublikani walishinda viti viwili vya ujaji, wingi ukageuka kuwa 5 kwa 2. Aprili 2023 mahakama ileile ikasema haina mamlaka juu ya upendeleo wa chama. Bunge likachora tena, na 2024 matokeo yakawa 10 kwa 4. Kathy Manning, Mdemokrati wa wilaya ya 6, hakugombea tena, na kaunti ya Guilford, nyumbani kwa Mpangaji, ikagawanywa kati ya wilaya ya 5, ya 6 na ya 9.

Kama mtaniuliza mimi, uchaguzi uliowaamulia ramani ulikuwa ule wa majaji wawili, ambao wengi wetu tulijaza mwishoni mwa karatasi bila kuwajua.

#16 Mwalimu Mstaafu

Mnazungumza kana kwamba mchezo huu ulianzishwa na Warepublikani 2011. Neno lenyewe la kuchora mipaka kwa upendeleo, jerimanda, linatokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, ambaye mwaka 1812 alitia saini ramani yenye wilaya iliyofanana na mjusi wa majini (salamander). Na hapa North Carolina, jimbo lilipopoteza kiti kimoja baada ya sensa ya 1960, Wademokrati waliotawala walichora wilaya ya 8 ndefu na nyembamba, iliyopewa jina la kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kwa nia ya kumwondoa Charles Jonas, Mrepublikani pekee katika ujumbe wa jimbo. Walimpambanisha na Paul Kitchin, Mdemokrati aliyekuwa na kiti chake. Mwaka 1962 Jonas alimshinda Kitchin.

#17 Mkenya wa Charlotte

Wengine hatuli nyama hiyo, Mwalimu, lakini tumeifahamu ramani.

Ila hapo ndipo wananiambia Warepublikani kazini kwetu: "Ninyi mlichora miaka yote, sasa sisi tumeshika kalamu mnalia." Sina jibu zuri la kuwapa.

#18 Binti wa A&T

Jibu ni kwamba Jonas alishinda. Mwaka 1962 mchoraji alikisia kwa penseli, na mpiga kura aliweza kumshangaza. Tom Hofeller, aliyewachorea Warepublikani ramani za 2011 na 2016, alikuwa na kompyuta yenye matokeo ya kila kituo cha kura. Baada ya kifo chake mwaka 2018 binti yake alikabidhi faili zake kwa waliokuwa wakishitaki, zikatumika katika kesi ya jimbo ya 2019. Kuna tofauti kati ya fundi anayekata kitambaa kwa macho na anayekata baada ya kukupima mpaka kidole.

#19 Mwana-Hesabu

Naongeza sababu moja ambayo haijatajwa, nayo itamkera Mkenya. Kenya, Kifungu cha 89 cha katiba kinaruhusu eneobunge lizidi au lipungue wastani kwa asilimia 40 katika miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Tanzania nayo, Tume ya Uchaguzi ilipoongeza majimbo manane ya uchaguzi mwaka 2025, haikudai kila jimbo lilingane na jingine kwa kichwa. Hapa Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1964, wilaya za Congress ndani ya jimbo moja lazima zikaribiane mno, na kwa vitendo huchorwa zilingane hadi mtu mmoja. Sensa ya 2020 iliwapata watu 10,439,388 North Carolina, kwa hiyo wilaya 14 ni watu 745,670 au 745,671 kila moja.

Inasikika kama haki tupu, na kwa sehemu ni haki. Lakini ili kufikia hesabu hiyo lazima uvunje kaunti mahali fulani, na ukishapewa ruhusa ya kuvunja kaunti, hakuna anayeweza kukuuliza kwa nini umeivunja katika barabara ya Laurel na si katika barabara inayofuata.

#20 Mtu wa Milimani

Hapo sikubali. Ungeweza kuivunja kaunti moja kwa kila mpaka na kuacha miji mizima. Usawa wa hesabu haumlazimishi mtu kukata chuo.

#21 Mwana-Hesabu

Sikusema unamlazimisha. Nilisema unampa mlango.

#22 Muuguzi wa Goldsboro

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Nimesoma yote, na naona mnazungumzia mambo yaliyopita ilhali sisi wa mashariki tuko ndani yake sasa. Oktoba 2025, bila sensa na bila amri ya mahakama yoyote, bunge lilichora upya wilaya ya 1 na ya 3. Wanabunge walieleza waziwazi kwamba lengo ni kupata kiti kimoja zaidi cha Warepublikani, baada ya Texas kufanya hivyo miezi michache kabla. Wilaya ya 1 ndiyo ile aliyoishinda Eva Clayton, na sasa ni ya Don Davis, Mdemokrati aliyeponea chupuchupu 2024. Goldsboro na Wilson tumetolewa kwenye wilaya ya 1 tukapelekwa ya 3, na kaunti za pwani zilizokuwa ya 3 zikaletwa ya 1 kujaza nafasi yetu. Hata kaunti ya Greene, nyumbani kwa Davis mwenyewe, imehamishwa, naye akaamua kugombea wilaya ya 1 vilevile. Majaji watatu wa shirikisho waliruhusu ramani hiyo itumike 2026.

Mwalimu atasema ni rangi, Mwana-Hesabu atasema ni chama. Wodini kwetu, mzee mmoja mweusi ambaye amepiga kura Goldsboro tangu 1968 aliniuliza swali tofauti: kama wilaya ya 1 ilichorwa ili watu kama yeye wamchague wamtakaye, na sasa yeye hayumo, je, wilaya ya 1 bado ipo, au imebaki namba tu?

#23 Mwalimu Mstaafu

Mwambie mzee wako shikamoo. Namba imebaki.

#24 Mwanasheria Mtarajiwa

Kisheria ipo, Mwalimu. Ina watu 745,670 au 745,671, kama nyingine zote.

#25 Mpangaji wa Greensboro

Nimeangalia leo kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo: ramani ya 2025 haikunigusa, bado niko ya 6. Kadi nimezirudisha kwenye mpira wake, nikaacha nafasi. Dada wa Goldsboro, yako mpya imeshafika kwa posta, au bado unasubiri?